Taa ya Nyuma, Upande wa Kulia

Afande wa Tazara aliinama nyuma ya gari yangu,
akagonga plastiki nyekundu kwa ukucha, akauliza:
"Dada, humu unafuga perege?"
Nikashuka, kanga kichwani, masika yananichapa,
nikaona: nusu ya taa maji, nusu ukungu,
na balbu katikati kama mtu aliyekwama mtoni
yamemfika kifuani.
Hakuniandikia faini. Alicheka, akanipungia nipite.
Kicheko kile kiliniuma kuliko elfu thelathini.

Taa ya nyuma mwenyewe huioni.
Wanaiona wanaokufuata, na hao hawana namba yako ya simu.

Jirani yangu Kisoma, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli,
akaja na msumari wa moto na koleo:
"Toboa chini, yatoke. Kwisha kazi."
Nikatoboa.
Yakatoka, kweli yalitoka.
Kesho yake Barabara ya Mandela yote ikaingia kwa tundu lile:
tope, mchanga, masizi ya malori,
na baada ya wiki viluwiluwi vya mbu, vitatu, nilivihesabu,
vikicheza kila breki inapowaka
kama vimekodiwa ukumbi.

Fundi Chande ana banda Tabata, ukuta mmoja na saluni ya Mama Ghati.
Hakuuliza mwaka wa gari. Aliuliza:
"Maji yanaingia, au yanazaliwa humo humo?"
Sikujua kuna tofauti.

Skrubu mbili, na klipu ambayo tayari ilikuwa imekatika.
Tundu langu la msumari akaliziba kwa kidole gumba
(aliniangalia; sikumtaja Kisoma),
la balbu akalijaza tambara, la pili akalitia kimpira,
akaizamisha taa katika ndoo, akapuliza.
Tukainamia ndoo ile kimya.
Povu moja. Jingine. Kisha pembeni, pale gundi ilipochoka,
yakapanda kwa foleni, madogo, yenye adabu.
"Huyo hapo," akasema,
kama aliyemwona mdeni wake sokoni.

Halafu akaigeuza, akanionyesha kitundu kingine,
kimeinamia chini, cha makusudi, cha kiwandani.
Nyigu alikisiliba kwa udongo, akalea, akahama.
"Taa ikipata joto hewa inavimba, itokee wapi?
Ikipoa, inavuta.
Ukiinyima pua
itavutia kwenye jeraha."
Alisema hivyo huku anachokonoa udongo kwa njiti ya kiberiti,
wala hakuonekana kujua kwamba amesema kitu.

Kukausha: waya ukapitishwa juu ya ukuta,
na taa yangu ikakalishwa kwenye kiti cha saluni
kati ya wanawake wawili wenye rola kichwani,
ikipulizwa hewa moto kwa zamu.
"Huyu naye anasukwa?" mmoja akauliza.
Ikarudi inanuka mafuta ya nazi.
Kisha silikoni, mstari mwembamba kuzunguka ukingo wote,
na amri: "Usiku mzima. Hii haikimbizwi."

Siku ya nne, saa kumi na moja alfajiri, naenda zamu Mwananyamala,
namulika kwa tochi ya simu:
ukungu. Kwenye kona, mwembamba, kama pumzi ya mtoto kwenye kioo.
Nikampigia Chande. Sauti ilitokea chini ya shuka.
"Kuna matone au ukungu tu?"
Ukungu tu.
"Washa taa. Endesha. Niache nilale."

Buguruni nikaegesha, nikashuka, nikazunguka nyuma.
Kona ilikuwa kavu, nyekundu, imewaka,
na kwa chini, nilipotoboa kwa msumari,
kidonge cha silikoni cheupe kama chunjua
ambacho Chande alisema angeweza kukikata kikawa laini
lakini amekiacha,
nikione.