Nipimie Pima Mbili

Fundi Likonde, weka mkasi chini kwanza.
Usinikatie kwa macho
kama unavyowakatia watu maturubai ya kuanikia ufuta.
Njoo hapa barazani unitazame vizuri:
mlango wako huu, kila nikija Mtama,
nauingia kwa kuinama.

Ile ya kwanza niliinunua Lindi, dukani,
imekunjwa ndani ya kifuko, haizidi boga changa.
Muuzaji aliisifu: nyepesi, haishiki maji,
inabeba kilo mia mbili.
Sikumuuliza inabeba urefu gani.

Nikapanda nayo Rondo, kazi ya kuhesabu miti.
Siku kumi na nne, mvule baada ya mvule,
namba nyekundu kifuani mwa kila mmoja,
na usiku
mimi ni ndizi.
Kidevu kimegota kifuani,
magoti yanasukumwa kwenda yasikopinda,
mabega yamebanwa kama korosho gandani,
na ule mshono wa katikati
unanisaga mashavu ya miguu mpaka alfajiri.
Komba analia huko juu kama mtoto aliyeachishwa ziwa,
na wa kumsikiliza ni mimi tu.

Asubuhi Nantipi, mshika futikamba,
ambaye yeye alilala chini na siafu wake,
alinizunguka na brashi ya rangi:
"Huu namba ngapi? Aa, umepinda.
Hauna mbao."

Lakini ni huyohuyo aliyeniambia,
"Usilale kufuata kamba. Lala mshazari,
kichwa kushoto, miguu kulia,
kitambaa kitatandazika chenyewe."
Nikajaribu.
Kweli mgongo ulinyooka, fundi, nusu saa nzima nilikuwa mtu.
Kisha baridi ya Rondo ikanishika vidole:
miguu ilikuwa nje, kuanzia kifundo.
Mshazari unataka nguo. Nguo hapakuwa nayo.

Nikarudi nyumbani, nikamwambia mama
nakwenda kushonesha machela.
Akaacha kuchambua mbaazi.
"Machela ya nani? Nani anaumwa?"

Kwake neno hilo lina njia moja tu,
ya kuteremka mlima hadi Nyangao,
wanaume wanne wakipokezana mwanzi begani.
Mwaka ule wa mvua nyingi ndivyo tulivyomteremsha baba,
ndani ya shuka la kitandani
lililofungwa huku na huku.
Shuka lilikuwa fupi.
Mimi nilifuata nyuma, nimebeba viatu vyake,
na njia nzima nilizitazama nyayo zake
zimechungulia nje, zinanyeshewa.
Hakuna mwanaume aliyekuwa na mkono wa ziada.
Mimi nilikuwa nayo miwili,
na viatu.

Basi, fundi, bei sibishani nawe.
Najua kitambaa hiki kinauzwa kwa mita
na kamba ya manila imepanda.
Nipimie pima mbili,
kwa mikono yangu, siyo yako,
yako ni ya kupimia watu wa kwenu.
Na usinishonee ncha za kukazana;
nitaifunga ilegee, ining'inie itabasamu.
Iliyokazwa ngingingi ndiyo inayokukunja.
Nimejifunza hilo kwa uti wa mgongo.

Utaniuliza, msitu wenyewe siku kumi na nne tu,
ya nini gharama zote hizi za usingizi?
Sina jibu la kukuridhisha.
Nina miaka thelathini na tisa
na miguu ya baba yangu.

Ngoja, usikate bado.
Mama nilipokuwa natoka aliniita mlangoni,
akafungua fundo la khanga yake,
akanihesabia elfu nne, noti zimelowa jasho.
"Mwambie aongeze shubiri," alisema,
"upande wa miguuni,"
akarudi kwenye mbaazi zake.

Kwa hiyo pima mbili ni zangu.
Hiyo shubiri ina hela yake.
Iandike peke yake.