Joto la Jirani

Vilnius, Desemba. Saa kumi jioni
giza limekwisha kukaa kitako.
Skirmantė amezamisha mikono hadi viwiko
katika glavu nyeusi za kisanduku cha nitrojeni.
Anadondosha tone la manjano
juu ya kigae cha kioo kinachozunguka kama pia.
Tone linatawanyika, linakauka,
na kazi ya wiki nzima imekwisha.

Ndani ya utando ule,
mwembamba kuliko doa la pumzi dirishani,
zimejipanga ghorofa zisizo na ngazi:
sakafu ya risasi na bromini,
kisha kichaka kifupi cha minyororo ya kaboni
kisichopitisha kitu,
kisha sakafu nyingine.

Risasi, ndiyo. Lugha hii imelipa jina moja
madini na kitokacho bundukini.
Hapa kazi yake ni kunasa mwanga,
ingawa Alvydas, fundi wa leza,
hachoki kusema: nawa mikono kabla ya kula.

Sakafu nyembamba huwaka buluu,
nene kidogo, kijani.
Leo zimelala pamoja.
Leza inapiga. Elektroni inaruka,
nyuma yake linabaki shimo,
na shimo na elektroni hawaachani:
wamebanwa mno kuweza kugombana.

Buluu ilipaswa kung'aa.
Iling'aa kidogo, ikafa kabla ya siku zake,
siku zenyewe zikiwa sekunde moja
iliyokatwa vipande trilioni.
Na kijani, ambacho leza ilikigusa kwa nadra,
kikapanda,
kikapanda.

Hakuna mwanga uliotoka hapa kwenda pale.
Hakuna elektroni iliyovuka kichaka.
Kitu kilitikisika huku,
kule kikaitika.

Kutoa ni moyo, tunasema, si utajiri.
Kumbe kutoa ni umbali:
nanomita mbili, tatu.
Sogeza kidogo tu
na ukarimu wote umekwisha.

Alvydas amesimama mlangoni
na mkate mweusi asioruhusiwa kuingia nao.
Anautazama mchoro, anatafuna.
"Mtoaji," anasema, "humwoni akitoa.
Unamwona alivyofifia mapema."
Kisha anauliza kama nani amechukua bisibisi yake.

*

Basi la umeme, theluji iliyogeuka tope, ghorofa ya tatu.
Majira mawili ya baridi
Skirmantė alifunga koki ya joto nyumbani kwake
akajisifu kwa dada yake kwenye simu:
bili yangu ni ya panya, na nalala bila soksi.

Chini yake aliishi bibi Genovaitė.
Walizungumza mara nne, labda tano:
kuhusu baiskeli iliyoziba ukumbi,
kuhusu kifuniko cha chupa ya matango
kilichowashinda wote wawili.
Koki ya bibi ilikuwa wazi, usiku na mchana,
mifupa yake haikutaka mjadala.

Oktoba walimtoa kwa machela.
Mwanawe akaja kutoka Norwe,
akakaa siku tatu, akazima kila kitu,
akaondoka na saa ya ukutani.

Leo Skirmantė anavua viatu
na sakafu inamuuma nyayo.

Anasimama palepale, koti bado mwilini.
Anahesabu, kwa mazoea ya kazi:
zege, sentimita ishirini. Majira mawili.
Watu wawili, na kati yao
hakuna kilichoonekana kikipita.
Mchoro wake mwenyewe angeuchora vipi,
yeye aliyepanda, akapanda,
akaita ule mpando ubahili wake?

Hakulia. Tusimsingizie.
Alipiga magoti, akaikaza ngumi kwenye koki
iliyoshika kutu, akaizungusha
mpaka bomba likakohoa,
likagonga mara mbili,
na maji yakaanza kuja.

Juu ya dari
mtu asiyemjua jina
aliburuta kiti.