Tableti Namba Kumi na Saba

Umeme wa Kadutu hauna adabu ya mgeni:
huja saa saba usiku bila hodi,
huondoka jogoo hajakohoa.
Basi mimi ndiye ninayeupokea,
mimi sentineli, na tochi yangu,
na koti la mvua nililoachiwa na shemeji.

Tableti arobaini, watoto mia na kumi na wawili.
Zilipandishwa mlimani na gari jeupe,
zikapigwa picha kuliko bibi harusi,
kisha gari likateremka
nazo zikabaki na mimi.
Kila usiku nazipanga juu ya madawati,
kila moja na uzi wake,
kama ndama walioachiwa mama zao.
Taa nyekundu. Nyekundu. Nyekundu.
Halafu kijani moja, kule nyuma.

Namba kumi na saba ina ufa pembeni.
Usiku ule mvua ilikuwa ile ya Bukavu,
inayoshuka pamoja na nusu ya kilima,
na bati letu lina tundu.
Niligusa kioo ili nifute tone tu.
Kikasema: *Karibu tena, Mugisho.*

Nikaitika.
Ungefanyaje? Mtu akikukaribisha, unaitika.

Ilikuwa sauti ya mwanamke asiyechoka.
A ya asali. Nikasema A.
B ya bakuli. Nikatazama mlangoni, nikasema B.
Nina miaka hamsini na minne.
Nilijua sura ya noti zote,
na sura ya jina langu kwenye kadi ya mchaguzi
kama mtu ajuavyo nyumba
anayopita mbele yake kila siku na hajawahi kuingia.
Ukikosea, hakuna fimbo.
Kengele ndogo, halafu: *Jaribu tena.*
Mwaka waliponifukuza kwa ajili ya minerivali
hakuna aliyesema neno hilo.

Inspekta alikuja Jumatano,
viatu vyake vimebeba udongo wa Funu.
Akafungua ripoti, miwani puani.
“Huyu Mugisho Cirhuza,” akasema, “ndiye mwanafunzi.
Somo la thelathini na moja! Hakosi hata siku.
Asimame tumpigie makofi.”

Darasa likanyamaza
hata nikasikia kinu cha jirani kinavyosaga mihogo.
Mugisho aliondoka baada ya Pasaka
akaenda Kamituga na mjomba wake,
kubeba mawe wanayoyatafutia dhahabu.
Nafasi yake wanakaa wawili,
na bado wanabanana.

Mwalimu Nsimire alinitazama dirishani,
mimi na fagio langu.
Akamtazama inspekta.
“Leo ni mgonjwa,” akasema.
Makofi yakapigwa,
mengi, marefu,
kwa dawati.

Jioni alinikabidhi ufunguo, hakuuachia mara moja.
“Yeye aliishia somo la sita.
Akirudi, atakuta nini?”

Sikujibu.
Kutolala ndiyo kazi yangu,
lakini usiku ule sikulala kwa namna nyingine.
Nilimwona akirudi, mabega yamechubuka,
anawasha, anakuta njia yote
imekanyagwa na viatu vya mtu mzima.

Sasa umeme ukija, ninafungua namba kumi na saba,
narudi nyuma, somo kwa somo, hadi la sita:
picha ya mbuzi, picha ya mlango,
swali moja ambalo mtoto hakulimaliza.
Nailaza hapo. Siligusi.
Kisha nachukua kipande cha chaki,
vile vifupi wanavyovitupa,
nakwenda ubaoni na tochi yangu mdomoni.
BALAGIZI.
Barua zinapanda mlima kuelekea kulia,
kama sisi wote wa huku.

Asubuhi, nilipokuja kufagia,
mwalimu alikuwa amekwisha kuandika tarehe
na hesabu za watoto kando.
Jina langu hakulifuta.
Ile Z niliyoigeuza mgongo
aliigeuza tu, ikatazama mbele.