Kichwa cha Gunia

Wiki ya kwanza nilipiga mihuri.
Wiki ya pili nilichemsha chai ya ofisi,
nikajua nani hanywi sukari na nani anajifanya.
Kwenye kitabu cha mafunzo niliandika:
"Nimejifunza utunzaji wa kumbukumbu."
Bwana Chiteji akasaini bila kusoma,
kalamu ikiparua karatasi kama kuku anayetafuta punje.

Wiki ya tatu wakanituma mnadani Hogoro
na jedwali la safu sita:
tarehe, kijiji, zao, kipimo, bei, maoni.
Mahindi. Gunia. Elfu sitini.
Mnada uliofuata, elfu sitini.
Bei imejilaza kama mbwa kivulini.
"Soko limetulia," nikajaza kwenye maoni,
nikajiona mchumi.

Aliyecheka ni Mama Senyagwa.
Alikuwa ameshika mdomo wa gunia, mnunuzi anashindilia kwa goti,
anaongeza debe la saba,
kisha sahani,
kisha viganja viwili vya "usinibanie, mama",
hadi gunia likaota shingo, shingo ikaota kichwa,
kichwa kikavishwa kilemba cha kamba ya katani.
"Andika, mwanangu. Elfu sitini, si uongo.
Ila mwaka juzi gunia hili halikuwa na kichwa."

Chuoni, kule juu Chimwaga,
walinichorea mistari miwili:
ugavi unapanda, mahitaji yanashuka,
na pale inapokutana, nukta.
Hakuna aliyeniambia kwamba nukta ina goti.

Nikanunua mizani ya kuning'iniza kwa hela ya chakula,
nikala ugali na mlenda, mlenda na ugali.
Hakuna aliyenituma. Nilipima kabla ya kushona na baada ya kushona:
kilo mia na nne,
mia na kumi na tisa,
mia na ishirini na sita, la mjane wa Sagara,
wiki ambayo shule zinafunguliwa.
Kadiri mtu alivyokuwa na haraka ya pesa
ndivyo kichwa kilivyonenepa.

Nikachora safu ya saba.
Bwana Chiteji akaitazama, akavua miwani, akaivaa.
"Fomu ina safu sita, binti. Hii ya saba tuipeleke wapi?"
Sikuwa na jibu.
Lakini wiki ya nane, alipotakiwa kusaini,
kalamu ilisimama hewani ukurasa mzima
na chai yangu ikampolea mezani.

Mizani sikurudi nayo.
Inaning'inia kwenye boriti ya ghala la Mama Senyagwa,
naye kila mnada hunitumia namba, bila salamu.
Mia na kumi na nane.
Mia na kumi na mbili.
Jana: mia na tano.
Nikiwa maktaba bado natabasamu, simu ikatikisika tena:
"Ameona mizani, amegoma kununua. Mahindi yapo ndani."

Nimeziandika zote mbili.
Safu ya saba,
na sasa nachora ya nane.