Habari kwa Nyuki

Usiku wa pili wa matanga ya babu
Sista Gobineti alikuja kwa miguu kutoka misheni,
karabai mkononi, sketi imelowa umande hadi magotini.
Katekista Shilwatso alinyanyuka upesi,
akasukuma kibuyu cha busaa nyuma ya mlango,
kile alichokwisha kukikemea mara mbili:
"Maiti hanywi, mama Muhonja. Maiti huombewa."

Sista alikiona.
Akakivuta polepole kwa ncha ya kiatu,
akakirudisha palepale kizingitini,
kisha akaenda akafungua dirisha.

"Roho isikwame," akasema,
Kiswahili chake kikikwaruza kama jiwe la kusagia wimbi.
"Kule Kerri bibi yangu alilifungua. Na bibi wa bibi,
aliyeona viazi vikioza shambani usiku mmoja,
naye alilifungua, akakaa kando asiizibe njia."

Nyanya hakujibu. Alimsogezea kigoda.

Wakakesha mpaka jogoo wa kwanza,
mmoja akihesabu rozari, mwingine akihesabu wajukuu,
wakipeana miiko kama watu wanaopeana mbegu.
Mti wa miiba uliosimama peke yake, usiukate.
Nyanya akaitikia: nasi tuna murembe.
Kisima cha mtakatifu, vitambaa vimefungwa matawini,
kila kitambaa ugonjwa wa mtu.
Nyanya akainama karibu: na anayekifungua?
Anaubeba.
"Huo naujua," akasema nyanya.
Kupiga mluzi gizani. Kuwataja kwa jina wale wa kilimani.
Katekista alisinzia, au alijifanya.

Asubuhi, kabla isukuti haijaanza kulia,
Sista akauliza: "Mizinga yake iko wapi?"
Kwao mwenye nyuki akifa, nyuki huambiwa.
Wasipoambiwa, wanasusa, wanahama.
Babu alikuwa nayo minne,
magogo ya mukomari juu ya ukingo wa Isiukhu.
Nyanya akacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne.
Hata hivyo alikwenda.
Mimi, wa miaka tisa, nilishika kijinga cha moshi
na sikusikia alichowaambia.

Miaka kumi na mmoja baadaye
kengele ya misheni ililia saa isiyo ya misa.
Nyanya alikuwa akichambua mrenda. Akaacha.
Akakung'uta leso, akapita nyuma ya bohari ya parokia
hadi kwenye masanduku matatu yaliyopakwa rangi ya samawati,
akabisha kwa ufunguo wa stoo,
ngo, ngo, ngo, moja baada ya jingine.

"Mwenyewe hayupo," akasema kwa Lwisukha.

Ndani, mngurumo uleule.
Akafikiri kidogo. Nyuki wa mgeni.
Akainama tena, akarudia kwa Kiswahili,
Kiswahili kibovu, makusudi,
kikikwaruza vilevile
kama alivyokisema yeye.