Mkono wa Kulia Tu

Swabra aliandika kwa chaki ubaoni,
akauegemeza kwenye baraza ya kwao, Kibokoni:
HINA. MKONO WA KULIA TU. SHILINGI MIA TANO.
Chini yake, kwa herufi ndogo kama chungu wanaohama:
pesa ni za mguu wa jirani.

Jirani ni mimi.
Mguu wenyewe ulibaki Marikiti,
mkokoteni wa vitunguu ulipomponyoka mwenyewe mteremkoni
nami nimeinama, nahesabu ndimu.
Wa bandia, walisema Makadara, ni elfu themanini na saba.
Nikacheka. Mtu wa ndimu huhesabu kwa mafungu.

Kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya tarawehe,
wakaanza kuja.
Hina ameichekecha kwa mtandio wa mamake,
ameikanda kwa chai ya rangi, mafuta ya karafuu,
na ndimu zangu zilizosalia gunia.
"Na huu wa pili?" akauliza Kavata wa benki.
"Wa pili usijue," Swabra akajibu, macho hayajainuka,
"wa kulia ukitoa, wa kushoto uwe umelala."
Bi Khuleta akadakia: "Mwanangu, mkono mmoja haulei mwana!"
"Silei mwana, Bi Khuleta. Nanunua mguu."
Baraza zima likaangua kicheko,
na mimi dirishani, mara ya kwanza tangu Marikiti,
nikajishika mbavu badala ya kigutu.

Kufika siku ya tatu, mji ukawa unasomeka.
Kwenye foleni ya mikate ya mofa
macho yalishuka mikononi kabla ya salamu:
huyu ametoa, yule bado.
Wenye maua walifukuza hata nzi wasiokuwapo.
Na Mishi wa viazi karai,
ambaye faida yake ya siku haifiki nusu ya bei ya mkono,
alianza kuwapakulia watu kwa kushoto,
wa kulia kauficha ndani ya leso
kama ndio ulioiba.
Watu wakaguna. Chakula, kwa kushoto?

Swabra alimwona. Hakusema neno.
Usiku ule akaifuta bei ubaoni,
na kila aliyemnyooshea mkono
akamgeuza kiganja.
Hina ikaingia ndani,
penye sugu, penye jasho, penye harufu ya kitunguu,
mahali ambapo ukifumbata hapaonekani kitu,
na ukitaka watu walione ua lako
sharti ukunjue,
na mkono uliokunjuliwa
nani ajuaye kama unatoa au unaomba?

Kopo la maziwa ndilo lililopokea.
Noti zilikunjwa hata zisijulikane ni za ngapi.
Kuna aliyetia kumi, kuna aliyetia kifungo cha shati,
Mungu amsamehe.
Mishi alikuja wa mwisho, na viazi vinne na ukwaju wake.
Swabra akamchora polepole kuliko wote
huku akitafuna.

Mguu uliletwa siku ya sita baada ya Idi.
Ni mweupe kidogo kuniliko,
una kidole gumba kilichochongwa kwa adabu sana.
Nikamwambia autie hina, tuwe sawa.
Akajaribu. Ikakauka, ikabanduka vipande vipande,
plastiki haishiki kitu.
Tukaufagia uani pamoja na maganda ya vitunguu thomu.

Nimerudi Marikiti, upande wa juu wa mteremko.
Anayenipa pesa namtazama kiganja kabla ya uso.
Kwenye baadhi imesalia rangi ya kutu,
ncha ya jani, nusu ya ua,
na kwenye vingine sijui ni hina
au ni binzari ya jikoni.
Wiki ijayo hata hiyo haitakuwapo.
Basi kwenye kila fungu naongeza ndimu moja.
Kwa wote. Hata yule wa kifungo.