Mahakama ya Mwanzo

Shauri namba kumi na saba, Masasi, siku ya Jumanne:
mbuzi mmoja jike, wa kijivu, sikio la kushoto lina pengo.
Kazi yangu ni kuandika. Hakimu anauliza,
wao wanajibu, nami nageuza kila kitu Kiswahili
kwa kalamu ya serikali, ile inayotema wino ikipenda.

Mlalamikaji, Hilari Nakatepa, Mmakua,
alisema epuri.
Alilisema mara sita, na kila mara ile p
ilipasuka kavu, kama ganda la korosho jikoni.
Shahidi, Fidea Nantumbo, aliyeteremka alfajiri kutoka Newala
na vumbi la barabara bado kwenye nyusi,
alisema imbudi,
d yake nzima, kama kitu kilichofungwa kwenye kanga
kikasahauliwa humo.
Mshitakiwa, Rajabu Chitenje, Myao, mikono nyuma,
alisema mbusi, akiangalia sakafu.
Niliandika mbuzi.
Mbuzi.
Mbuzi.

“Kwa nini ulimchukua?”
“Sala.”
“Uliiba mbuzi wa mtu kwa ajili ya sala?”
Benchi la nyuma likacheka. Hata askari alicheka.
Nami, karani, ambaye sheria hainipi mdomo,
nilisimama: Mheshimiwa, kwao sala ni njaa.
Kicheko kikakatika kama kamba ya ndoo.
Hakimu, mzaliwa wa Bukoba, alivua miwani
akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.
“Kwetu,” alisema, si kwa mtu yeyote, “ni enjala.”

Akahukumu: alipe kwa mafungu mawili.

Jioni nilibaki na jalada.
Niliwahi kusoma haya mambo, muhula mmoja na nusu,
kabla ada haijaisha.
Mwalimu alitufundisha kupanga maneno safu kwa safu
na kuuliza kila sauti: ulikuwa wapi usiku ule?
Mimi nilipenda sana kuhoji.
Ewe z ya mbuzi, ulikuwa d,
i ikakubana mpaka ukalia.
Ewe p ya epuri, ulikuwa mb,
ukavuliwa pua, ukavuliwa ngurumo, ukabaki pumzi.
Na nyinyi l, nyinyi wa njala na mvula,
nani aliwaangusha?
Sisi. Kiswahili. Nimekagua mifuko yetu:
njaa, mvua, mashimo matupu,
na lugha hii ndiyo inayoandika mashitaka.

Lakini mwizi simwoni.
Naona mama anamwita mtoto haraka kwa sababu uji unafurika.
Naona mtu anajibu huku anatafuna muhogo.
Kila mmoja alichukua kidogo, kidogo mno,
hakuna mahakama ingepokea shauri lake,
na baada ya miaka elfu na elfu nyingine
ndugu wanahitaji karani.

Neno la kwanza kabisa hakuna aliyelisikia.
Hulijenga upya kwa ushahidi wa wajukuu,
kisha mbele yake unaweka kinyota,
maana yake: hili hatuna shahidi wa macho.
Nikaandika pembeni mwa jalada, herufi ndogo,
*mbudi.

Dirishani nilimwona Nakatepa bado uani,
kamba tupu imezungushwa kiganjani.
Asubuhi nilimuuliza kama ataridhika na mafungu mawili.
Alinijibu, “Sina budi.”
Hilo najua ni neno jingine, limekuja kwa njia nyingine,
halina undugu na mbuzi wake.
Najua. Mwalimu angenikata maksi.

Kesho hakimu ataliomba jalada atie sahihi.
Ataiona nyota, ataniuliza ni ya nini.
Wino wa serikali haufutiki.
Labda nitamwambia ni doa.
Labda nitamuuliza kwao mbuzi wanamwitaje.